Mume wangu anaogopa mbwa, mimi nyumba bila mbwa naiona imepooza

Swali: Daktari, habari za kazi. Tumeoana miezi minne iliyopita na bado tunazoeana. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye mbwa. Mume wangu aliumwa na mbwa akiwa na miaka saba, na mpaka leo akimwona mbwa anahamia upande wa pili wa barabara. Nimembembeleza sana, na juzi kakubali, kasema "sawa, ila awe mdogo". Tunafikiria kumchukua mtoto wa mbwa kwenye kituo kinachotunza mbwa waliotelekezwa. Sote wawili tunatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Tunatarajia pia kupata mtoto mapema, Mungu akijalia, na shoga yangu ananiambia mbwa ni mazoezi mazuri ya kulea. Tuanzie wapi? Na alale wapi, maana hilo tumeshaligombania hata kabla hajaja.

Jibu: Dada, hongereni kwa ndoa. Nikujibu kwa mkato kwanza, halafu nitaeleza. Mchukueni mbwa, ila si mwezi huu, na asiwe mtoto wa mbwa. Tafuteni mbwa mzima aliyetulia, wa miaka miwili hadi sita hivi, na atakayemchagua awe shemeji, si wewe. Najua hilo la mwisho litakuuma, kwa kuwa wewe ndiye mjuzi wa mbwa hapo nyumbani. Ndiyo sababu hasa.

Shemeji amekubali kwa kuwa anakupenda, na pengine kwa kuwa amechoka kuombwa. Ridhaa hiyo kakupa wewe. Huyo mbwa bado hajapewa kitu. Tofauti yake mtaiona siku utakayochelewa kazini, yeye amesimama mlangoni na funguo mkononi, mbwa anabweka upande wa ndani. Mtu akianza kuogopa kuingia kwake mwenyewe, hasira haitamwishia mbwa. Itakufikia na wewe.

Hofu ya mtu aliyeumwa utotoni haiondoki kwa maneno, na neno baya kuliko yote ni "huyu hang'ati". Kila mbwa mwenye meno anaweza kung'ata, na shemeji analijua hilo kwa mwili wake. Kinachoiondoa ni kumkaribia mbwa kidogo kidogo, kwa mwendo anaoupanga yeye. Tafuteni rafiki au jamaa mwenye mbwa mtu mzima, mpole, asiyerukia watu. Siku ya kwanza kaeni nje, mbwa akiwa amefungwa kamba na mwenyewe ameishika, kwa umbali ambao shemeji anaweza kuendelea na mazungumzo ya kawaida. Akinyamaza, au mabega yakimpanda, mmekaribia kupita kiasi. Rudini nyuma bila kumtania. Wiki inayofuata sogeeni hatua chache. Asishtukizwe hata mara moja, na tafadhali asirekodiwe video ya kuchekesha ndugu. Kama hofu yenyewe ni ya kutoka jasho na moyo kwenda mbio hata kwa kuona picha ya mbwa, basi mpelekeni kwa mwanasaikolojia. Hofu za aina hii hutibika vizuri, na njia inayotumika ni hiyo hiyo ya kukaribia kwa hatua, ila hapo kuna mtu anayejua kuisimamia.

Wakati huo huo mfundishe kumsoma mbwa. Sehemu kubwa ya woga ni kutojua mnyama atafanya nini sekunde ijayo, ilhali mbwa hutangaza karibu kila kitu kabla hajatumia meno. Asipokuwa na raha hugeuza kichwa pembeni, hujilamba pua na chakula hakipo, hupiga miayo na usingizi hana, hunyanyua mguu mmoja wa mbele, au humtazama mtu kwa pembe ya jicho mpaka weupe wa jicho unaonekana. Asiposikilizwa hukakamaa, kisha hunguruma, na mara nyingi hapo ndipo hung'ata. Mkia nao huwapotosha wengi. Mkia unaotikiswa kwa ulegevu, pamoja na nyonga nzima, ni wa mbwa aliyefurahi. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotetemeka kwa kasi, ni wa mbwa aliyepandwa na jazba, na hapo mtu huachana naye. Kunguruma nako msikukomeshe kwa kipigo. Mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kunguruma bado ana sababu zake za kung'ata, ila sasa hatatoa taarifa.

Kuna kipimo kimoja nawapa watu wote waoga, na wajuzi pia wangefaidika nacho. Usimwendee mbwa, mwache aje. Simama au chutama ubavu ukimwelekea, mkono ukiwa chini, usimkazie macho, usiupitishe mkono juu ya kichwa chake. Akija, mkune kifuani au ubavuni kwa sekunde tatu, halafu ondoa mkono. Akisogea kuomba tena, endelea. Akibaki alipo au akigeuka, imetosha. Mtu anayeogopa hupata nguvu ya ajabu akigundua kwamba mazungumzo haya yana kanuni na yeye anaweza kuyasitisha wakati wowote. Na kuna jambo wajuzi kama wewe huwa hatulipendi: mbwa wengi humwendea haraka zaidi yule anayewapuuza kuliko yule anayewanyooshea mikono na kuwaita kwa sauti ya kitoto. Usishangae mbwa wenu akaenda kulala miguuni pa shemeji.

Sasa hilo sharti la "awe mdogo". Nalielewa, anawaza kitu kidogo hakina madhara. Lakini kwa mtu aliyeumwa, mtoto wa mbwa ndiye chaguo gumu kuliko yote. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano, na huyatumia mchana kutwa: anang'ata mikono, vifundo vya miguu, ncha za suruali. Hana ubaya wowote, ndivyo anavyocheza na ndivyo anavyojifunza kiasi cha nguvu za taya zake. Kwa wewe uliyezoea ni mchezo. Kwa shemeji ni tukio la utotoni linalorudiwa mara hamsini kwa siku, sebuleni kwake. Kisha kati ya mwezi wa nne na wa saba meno hayo hubadilika kuwa 42 ya kudumu, na kipindi hicho viatu na miguu ya meza havina usalama.

Halafu kuna suala la saa. Kwa makadirio ya kawaida, mtoto wa mbwa huweza kuzuia haja ndogo kwa saa zinazolingana na miezi ya umri wake, ukiongeza moja. Wa miezi miwili ni saa tatu, tena akiwa ametulia. Ninyi mnakuwa nje kutwa nzima. Atakojoa ndani kwa sababu hana namna nyingine, na akizoea kukojoa ndani mtakuwa mmemfundisha wenyewe. Usiku pia ataamka, na mtu lazima aamke naye.

Kilicho kizito zaidi ni kitu kisichoonekana. Ubongo wa mbwa huwa na dirisha la kuzoea dunia, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 12 au ya 14. Anachokutana nacho kwa wema katika wiki hizo, iwe watoto, wazee, pikipiki au mashine ya kufulia, hukiona cha kawaida maisha yake yote. Asichokutana nacho huwa cha kutiliwa shaka. Mwaka 1961 watafiti wa Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliokuzwa kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, bila kushughulikiwa na watu. Waliotolewa katika wiki za mapema walizoea watu. Waliongoja hadi wiki ya 14 waliwakimbia watu, na hata baada ya kulelewa kwa subira hawakuwa sawa na wenzao. Sasa fikiria mtoto wa mbwa anayeanza maisha peke yake jikoni, mlango umefungwa, kutwa nzima, katika wiki hizo hizo. Mtakuwa mnatengeneza mbwa mwoga kwenye nyumba ambayo tayari ina mtu mwoga. Na dirisha hilo hufunga kabla mfululizo wa chanjo za utotoni haujakamilika, kwa kuwa chanjo hizo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Kumwonyesha dunia huku unamkinga na parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, ni kazi ya mtu aliyepo nyumbani.

Mbwa mzima ana faida moja inayozidi zote: ameshakuwa alivyo. Ukubwa wake mnauona, manyoya yake mnayaona, na tabia yake inaulizika kwa waliomhudumia. Anaweza kukaa saa sita hadi nane bila kutoka, ingawa ningependa mtu apite mchana amtoe, awe jirani au ndugu. Watu husema mbwa mkubwa hajifunzi wala hawezi kupenda upya. Hilo la kwanza si kweli kabisa. Mbwa mzima hujifunza haraka kuliko mtoto kwa sababu anaweza kutulia dakika tano mfululizo. Na la pili mtaliona wenyewe.

Kwa nini nasema si mwezi huu? Miezi minne ya ndoa ni michache mno kuujua mwendo wenu wenyewe. Nani huamka kwanza, nani hurudi amechoka asiyetaka kusemeshwa, nani husahau kufunga geti: hayo mnayagundua sasa. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13, wadogo wa umbo hufika 15 na zaidi. Jaribuni kuishi kwa ratiba ya mbwa kabla mbwa hajaja. Kwa mwezi mzima mmoja wenu aamke mapema atembee nusu saa, na jioni mmoja atembee tena, mvua inyeshe isinyeshe. Wanandoa wengi niliowapa zoezi hili hulicheka. Wachache hulimaliza, na hao ndio ambao sijawahi kupigiwa simu wakiniambia mbwa amekuwa mzigo.

Katika mwezi huo malizeni na mambo ya nje. Kama mmepanga, ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi. Ruhusa ya mdomo hufa siku jirani wa kwanza analalamika. Zungumzeni na pande zote mbili za familia. Kuna ndugu ambao imani yao haiwaruhusu kuguswa na mate ya mbwa, na kuna wanaoogopa tu kama shemeji. Wakija kutembea, mbwa atakuwa wapi? Chumba kipi kitabaki safi kwa ajili ya mtu kusali? Mkiliamua hilo mapema ni mpangilio wa nyumba. Mkingoja mpaka mama mkwe yuko sebuleni, itakuwa kesi.

Mkifika kituoni, msimchague mbwa kwa uzuri wa macho. Na msimhukumu kwa anavyofanya ndani ya kizimba; kelele za mbwa wengine humfanya mbwa mtulivu aonekane kichaa, na mwingine mchangamfu akajikunyata kama mgonjwa. Ombeni kumtoa nje, mbali na kelele, na mrudi siku nyingine mmtoe tena. Mwulizeni mhudumu maswali ya moja kwa moja. Aliwahi kuishi ndani ya nyumba? Aliachwa kwa sababu gani? Anafanyaje mtu akipita karibu na bakuli lake? Amewahi kung'ata, na ilikuwaje? Anakaaje akiachwa peke yake? Mhudumu anayejibu "sijui" kwa baadhi ya maswali hayo ninamwamini zaidi kuliko anayewasifia mbwa wote. Shemeji awepo safari zote, na yule ambaye yeye mwenyewe yuko radhi kumshika kamba, huyo ndiye wenu. Wewe una uwezo wa kupenda mbwa yeyote. Yeye hana uwezo huo bado.

Ulizeni pia kama kituo kinaruhusu kumlea mbwa kwa muda kabla ya kumchukua moja kwa moja. Vituo vingi hupenda utaratibu huo. Wiki chache za namna hiyo zitawaambia mengi kuliko barua yangu, na mkimrudisha mtakuwa hamjavunja ahadi na mtu.

Kuhusu afya nitakwenda haraka, kwa kuwa daktari wa mifugo aliye karibu nanyi atawapangia. Mpelekeni ndani ya siku chache za kwanza, pamoja na karatasi za kituo. Chanjo ambayo haina mjadala ni ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Mtu yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Dawa ya minyoo mbwa mzima hupewa kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Kupe na viroboto vina ratiba yake. Ahasiwe au afungwe kizazi kama bado. Jike huingia kwenye joto takriban kila miezi sita, mimba yake ni kama siku 63, na watoto sita sebuleni katika mwaka wa kwanza wa ndoa ni jambo ambalo sitawatakia. Jikoni kumbukeni kwamba chokoleti, vitunguu, zabibu mbichi au kavu, na tamutamu zenye utamu bandia uitwao zailitoli humdhuru mbwa, nyingine hata kumwua. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, msimpe.

Shoga yako naye nimjibu. Mbwa si mazoezi ya mtoto. Mtoto hukua akakuacha. Mbwa hukutegemea mpaka siku ya mwisho. Piga hesabu hii badala yake: mkichukua mbwa wa miaka mitatu sasa, na mkajaliwa mtoto mwakani, mtoto huyo akianza darasa la kwanza mbwa atakuwa na miaka kama kumi, viungo vinauma, masikio yamepungua. Mnamwona huyo mzee kwenye picha ya familia? Kama mnamwona, vizuri. Kitu kimoja tu ambacho mbwa hufundisha kabla ya mtoto ni namna mnavyogawana kazi isiyo na shukrani, na hilo nitalifikia.

Ukipata ujauzito, usikubali mtu akuambie mbwa lazima aondoke. Toksoplasma ambayo wajawazito huonywa nayo hutoka kwa paka, ambao ndio wanaotoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi, na kwenye nyama isiyoiva. Kwa mbwa, la kuangalia ni minyoo. Mayai ya minyoo ya mviringo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki kadhaa kukomaa ardhini. Kwa hiyo kuzoa kinyesi kila siku, kunawa mikono na kumpa mbwa dawa kwa wakati hukata njia hiyo. Kazi ya kuzoa apewe shemeji. Mabadiliko ya nyumba, kama mbwa kuhamishwa chumba au kukatazwa kochi, yafanyike miezi kabla ya kujifungua, asije akahusisha kushushwa cheo na kuja kwa kichanga. Na kichanga hakiachwi na mbwa bila mtu mzima, hata mbwa awe malaika, hata iwe ni kwenda tu kuzima jiko.

Sasa ugomvi wenu. Mmegombania mahali pa kulala mbwa ambaye hajazaliwa nyumbani kwenu, na kwangu hiyo ni habari njema, maana mmegundua mapema kwamba mbwa huleta maswali mia ya "nani kasema". Wapya wengi husema "tutasaidiana". Kazi ya wote haina mwenyewe, na bakuli litakuwa tupu kila mmoja akidhani mwenzake kajaza. Gawaneni kwa majina: matembezi ya alfajiri ni ya fulani, chakula cha jioni ni cha fulani, miadi ya daktari na tarehe za chanjo ni za fulani. Fedha zake zitoke kwenye mfuko wa pamoja, na wekeni akiba ndogo kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, kwa sababu ugonjwa wa mbwa hauulizi tarehe ya mshahara.

Sheria za nyumba ziwe chache na ziwe moja. Mmoja akimpandisha kochini na mwingine akamfukuza, mbwa hatajifunza kwamba kochi ni marufuku; atajifunza kuangalia nani yupo. Amri nazo ziwe zile zile. Wewe ukisema "kaa" na shemeji "keti chini", mtashangaa kwa nini anakusikia wewe tu, na shemeji ataona amedharauliwa na mbwa.

Kisha kuna hasira ya jioni. Mnarudi, kiatu kimetafunwa, mbwa kainamisha kichwa na mkia kaufyata, na mmoja wenu anasema "anajua alichofanya". Hajui. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio ambalo mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, mwenye mbwa akatoka, na aliporudi akaambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine aliambiwa uongo. Ile sura ya hatia ilitokana na kukaripiwa. Mbwa ambao hawakuwa wamekula lakini wakakaripiwa waliionyesha sawasawa, na hata zaidi. Mbwa wenu atakuwa anasoma nyuso zenu. Adhabu inayokuja saa nzima baada ya tendo humfundisha kitu kimoja tu, kwamba kurudi kwenu ni hatari. Okoteni kiatu, na kesho kabati lifungwe.

Anasoma pia sauti zenu mkigombana. Wapo mbwa wanaojificha chini ya meza watu wakipaza sauti, wapo wanaojiingiza katikati. Nawaomba jambo moja ambalo nimeliona katika nyumba nyingi kuliko inavyopendeza: msimtumie mbwa kupelekeana ujumbe. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani" huchekesha mara ya kwanza. Mara ya tatu ni ugomvi wenye miguu minne.

Siku ya kumleta iwe mwanzo wa mapumziko, angalau siku tatu nne ambazo mmoja wenu yupo. Wageni wasubiri wiki mbili. Msimwogeshe siku ya kwanza, msimtembeze kwa majirani. Mpeni kona yake, na akiwa kwenye kona hiyo mtu asimfuate. Endeleeni na chakula alichokuwa akila kituoni, halafu mkibadilishe polepole ndani ya wiki moja. Watu wa vituo hutumia makadirio ya siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, na miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Si sheria, lakini huwazuia watu kukata tamaa siku ya tano. Tangu siku ya kwanza mfundisheni kuachwa: tokeni nje dakika moja mrudi kimya kimya, kisha tano, kisha ishirini. Mkikaa naye siku nne bila kumwacha hata dakika, halafu siku ya tano mkatoweka kutwa nzima, jirani atawasimulia mlichokiacha nyuma.

Chakula kitolewe na shemeji, kwa wiki za mwanzo chote. Kama mkono unatetemeka, arushe punje chini mbele ya mbwa badala ya kumlisha mkononi. Inafanya kazi ile ile.

Na alale wapi? Kwangu mimi, usiku wa kwanza mbwa akilala mahali anapowasikia mkipumua hulia kidogo kuliko aliyefungiwa peke yake mbali. Lakini chumba cha kulala ni cha wawili, na kwa mambo ya chumba hicho kura ya anayesema hapana ndiyo inayohesabika. Anzeni na kitanda chake nje ya mlango wa chumba, mlango ukiwa wazi kidogo au kukiwa na kizuizi kifupi cha mbao. Shemeji akitaka kuubadilisha mpango huo baadaye, atasema mwenyewe, wewe usiuulizie.

Na ikiwa baada ya miezi ya kukaribia kwa hatua, baada ya kituo, baada ya hata wiki za kumlea kwa muda, shemeji bado hawezi, basi mbwa asije. Mrudishe kituoni kwa heshima na uwaeleze ulichojifunza juu yake, maana taarifa hizo zitamsaidia kupata nyumba nyingine. Haitakuwa na maana kwamba wewe umenyimwa mbwa maisha yako yote. Vituo hivyo hivyo huhitaji watu wa kuwatembeza mbwa mwisho wa wiki, na mtu aliyekulia na mbwa kama wewe watampokea kwa mikono miwili. Jiandikishe, nenda Jumamosi asubuhi, badilisha nguo ukirudi, na shemeji mwache alale.